Njia Iliyowekwa Rehani

Katika zama ambazo safari ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa kazi ya miezi mitatu na zaidi, mpagazi aliyethubutu kuchota maji katika kisima cha Wagogo kabla ya hongo kukubaliwa hakuhesabiwa kuwa ametenda kosa lake peke yake. Kosa lile lilikuwa la msafara mzima, tangu kirangozi aliyetangulia mbele na bendera hadi mgonjwa aliyejikokota nyuma na fimbo yake. Na faini haikudaiwa kwa mwenye kibuyu, ambaye pengine mali yake yote ulimwenguni ilikuwa shuka aliyojifunga na kibuyu chenyewe, bali ilidaiwa kwa tajiri mwenye majora na pembe. Mtemi wa mahali pale hakuwa na jela, wala askari wa zamu, wala daftari la kuandikia hukumu. Alikuwa na kisima. Aliwaagiza vijana wake wakae ukingoni mwa maji na mikuki yao, na msafara wa watu mia tano, jua la Ugogo likiwa utosini, ukawa umefungwa pasipo kamba hata moja.

Msomaji wa leo akilisikia neno hongo hufikiria noti iliyokunjwa kiganjani na macho yanayotazama kando. Wazee wa njia wasingemwelewa. Kwao hongo ilikuwa ada ya halali, iliyojadiliwa mchana kweupe, mbele ya wazee wa mji na wanyapara wa msafara, na ilipokwisha kupokewa ilitangazwa ili kila mtu ajue kwamba wageni wamefunguliwa njia. Faini ilikuwa nduguye hongo, na mara nyingi ndugu hawa wawili walifanana mno hata msafiri asijue yupi amemla: huyu alitozwa kwa kupita, huyu alitozwa kwa punda aliyeingia shambani, kwa bunduki iliyolia ovyo, kwa damu ya ugomvi iliyomwagika katika ardhi ya watu. Vyote vililipwa kwa nguo, na nguo ilipimwa kwa mkono, yaani tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne ikafanya shuka moja, na shuka mbili zikafanya doti. Hapo ndipo palipokuwa na vita vya pili, maana mikono ya wanadamu hailingani. Mpokeaji alimtanguliza mtu mrefu mwenye kiganja cha kasa, mtoaji akamsogeza kijana mfupi, na merikani ile ile, iliyofumwa ng'ambo ya bahari katika vinu vya Marekani, ikarefuka na kufupika kwa kadiri ya mkono ulioishika, huku mchana ukienda na watu wakikauka midomo.

Kuna aya katika sura ya al-Baqara ambayo wasafiri Waislamu wa njia ile waliijua vyema, inayowaruhusu walio safarini, wasipompata mwandishi wa kuandika deni lao, wachukue rehani ya kushikwa mkononi. Mimi naona kwamba aya ile imeeleza historia ya nchi za magharibi ya Tanzania kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa makusudi kwa kazi hiyo. Njia ya msafara ilikuwa mahali pasipo mwandishi. Waarabu na Waswahili walikuwa na kalamu zao, naam, na barua zilipita kutoka Ujiji hadi Unguja. Lakini hapakuwa na daftari moja ambalo mtemi wa Ugogo, mnyapara wa Bagamoyo na tajiri wa Maskati wote walilikubali kuwa ndilo daftari. Pasipo daftari, hukumu ya kumtoza mtu mali haina uzito ila kitu fulani cha mtu huyo kiwe kimekamatwa tayari. Swali la hakimu wa zamani halikuwa mtu huyu atozwe kiasi gani. Swali lilikuwa ana nini ambacho mkono wetu unakifikia? Mgeni asiye na nyumba, wala shamba, wala ng'ombe, wala shangazi katika nchi, hana kitu ila haja yake ya kupita. Basi ikawekwa rehani njia yenyewe.

Mambo yalibadilika pale mgeni alipochoka kupita na kuamua kukaa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, hawakukuta kambi ya wapita njia. Walikuta matembe makubwa yenye baraza pana, bustani za mboga na matunda, maghala ya pembe, na mwenyeji wao Snay bin Amir, ambaye ukarimu na elimu yake Burton aliisifu mno, naye hakuwa mtu mwepesi wa kusifu. Mfanyabiashara wa Kihindi, Musa Mzuri, alikuwa amekwisha jenga jina lake katika njia hiyo hata kabla yao. Nchi ilikuwa Unyanyembe, na mtemi wake alikuwa Fundikira, ambaye aliona faida ya kuwa na wageni hawa karibu naye, akawaacha wakae pasipo kuwatoza kodi juu ya bidhaa zao. Urafiki ule ulifungwa hata kwa ndoa: Muhammed bin Juma, babaye Hamed bin Muhammed ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi.

Lakini mwenye tembe si sawa na mwenye hema. Hema hukunjwa usiku. Tembe lina kuta za udongo nene kama mkono wa mtu mzima, lina miembe iliyopandwa leo ili kuliwa na wajukuu, na lina ghala ambalo haliwezi kutiwa mabegani mwa wapagazi kwa usiku mmoja. Kila tofali walilolikandika Waarabu wa Tabora lilikuwa, pasipo wao kulitambua, kipande cha rehani walichokiweka mikononi mwa mwenye nchi. Fundikira alilijua jambo hili na akalinyamazia. Mwanawe Mnywa Sele, aliyeshika utemi baada ya baba yake kufariki mwishoni mwa miaka ya 1850, hakulinyamazia: alitangaza kwamba mali yote ya biashara inayoingia katika nchi yake itatozwa, na Waarabu wakakataa kwa hoja kwamba hawakuwa wakitozwa tangu hapo. Ajabu ya hoja ile ni kuwa watu wale wale walilipa hongo njia nzima kutoka Usagara mpaka Ugogo pasipo kufikiri kwamba wamedhulumiwa. Walichokiogopa Tabora ni kitu kingine. Kisimani mtu hulipa akaenda zake. Nyumbani mtu hulipa akabaki, na anayebaki hutozwa tena.

Vita vilivyofuata viligharimu zaidi ya kodi yoyote ambayo Mnywa Sele angeliweza kuitoza. Waarabu walimwondoa, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akakimbilia maporini na kuishambulia misafara kwa miaka kadhaa. Snay bin Amir, yule mwenyeji mwema, akauawa katika mapigano hayo. Si neno geni katika historia kwamba watu humwaga damu kwa kukwepa faini, ila ni nadra kuona hesabu yake ikiwa wazi namna hii.

Tuwaache wageni, tuwatazame Wanyamwezi wenyewe kwa wenyewe, ambao mashauri yao yalikatwa kwa mtemi, mahali palipoitwa ikulu, neno ambalo taifa zima limelirithi kutoka huko pasipo kuwakumbuka sana waliolitoa. Wazee waliokaa na mtemi walitoza majembe ya chuma, mbuzi na ng'ombe. Ng'ombe alikuwa rehani bora kuliko zote, kwa kuwa hutembea kwa miguu yake hadi kwa mdai, na huzaa akiwa njiani. Lakini mkosaji asiye na ng'ombe alikuwa na ndugu, na ndugu walikuwa mali kwa maana chungu ya neno hilo. Deni la mtu lilikuwa deni la ukoo. Aliyeshindwa kutoa dia ya aliyemuua, au fidia ya mke wa mtu, aliweza kumtoa kijana wa nyumba yake akakae kwa mdai mpaka malipo yakamilike. Pwani nako desturi hiyo ilikuwako, na katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na wenziwe, mambo ya madeni na utumwa yamesimuliwa na mtu aliyeyaona. Aliyewekwa rehani hakuwa mtumwa. Alikuwa amekaa kizingitini. Siku zilipopita na malipo yasije, na msafara wa kwenda pwani ukapiga kambi karibu na kijiji, kizingiti kile kilivukwa kwa hatua moja, na mtoto aliyetolewa kwa muda akawa ametolewa milele. Watu husema biashara ya utumwa iliingia bara kwa bunduki, na ni kweli. Lakini iliingia pia kwa mlango wa faini, kwa sababu bei ya mtu sokoni ilipopanda, mahakimu wengi waliona makosa mengi zaidi.

Mirambo wa Urambo aliielewa elimu ya rehani ya njia kuliko watemi wote. Mwaka 1871, kwa masimulizi ya msafiri Stanley aliyekuwako Tabora wakati ule, msafara uliokuwa ukielekea Ujiji ulitakiwa kumpa mitumba mitano ya nguo, bunduki tano na vipipa vitano vya baruti. Ukatoa, kisha ukaambiwa urudi ulikotoka, maana hapana msafara utakaopita tena. Waarabu walilalamika kwamba wamelipa na hawakupewa walichokilipia. Mirambo naye alikuwa na malalamiko yake juu yao. Katika vita vilivyozuka mji wa Tabora uliingiliwa na kuchomwa, Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa Waarabu, akauawa, na bei ya pembe ikapanda huko Unguja kwa sababu mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja alikuwa ameweka mguu wake juu ya njia.

Hata hivyo wakati Mirambo alipokuwa akiishika njia kwa mguu, huko pwani palikuwa na mkono mwingine uliokuwa ukijifunza kushika mali kwa karatasi. Na kisa kimoja chaonyesha vema jinsi karatasi ile ilivyokuwa na nguvu. Tippu Tip, aliyekuwa wakati huo gavana wa Maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliwahi kuahidi mwaka 1887 kumpatia Stanley wapagazi wa safari ya kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama Sudani. Wapagazi walichelewa, nusu ya jeshi la Stanley lililoachwa nyuma likaangamia kwa njaa na maradhi, na Stanley aliporudi pwani mwisho wa mwaka 1889 alimtwika Tippu Tip lawama yote. Hakuwa na mkono wa kumfikia. Mtu yule alikuwa katikati ya msitu wa Kongo, na bunduki nyingi kuliko serikali yoyote ya karibu. Lakini Stanley aligundua kwamba Jaffer Tharia, mwana wa yule tajiri mashuhuri Taria Topan aliyekuwa akimkopesha Tippu Tip tangu zamani, alikuwa akimwekea fedha zaidi ya pauni 10,000, thamani ya pembe alizoziuzia serikali ya Kongo. Akaenda katika mahakama ya konseli wa Kiingereza huko Unguja, akaomba fedha hizo zizuiwe mahali zilipo mpaka madai yake yasikilizwe.

Hayo yalikuwa madai, si jinai, na mwanasheria mkali atanisahihisha kwa kuyaingiza humu. Hata hivyo tazama lililotokea. Hapana askari aliyetumwa. Hapana kisima kilichozingirwa. Fedha zenyewe hazikutoka kwa Jaffer. Zilibaki sandukuni mwake, ila hazikuweza tena kwenda kwa mwenyewe. Na yule ambaye watemi wengi walimkimbia kwa kusikia ngoma ya msafara wake tu, aliondoka Maporomoko, akavuka Ziwa Tanganyika, akapita Tabora alikojenga baba yake, akaugua njiani, na Julai 1891 akaingia Unguja kuja kujibu. Kesi ikaachwa. Yeye hakurudi tena bara. Alikaa Unguja mpaka alipofariki mwaka 1905. Ilikuwa safari yake ya mwisho katika njia ile, na kilichomvuta kuipita kilikuwa mstari wa wino juu ya mali yake.

Wadachi, yaani Wajerumani, ambao bendera yao ilipandishwa Tabora mwaka 1890 na Emin Pasha yule yule, sasa mtumishi wao, hawakuwa na subira ya wino wala ya kisima. Walimweka Seif bin Saad awe wali, kisha wakageukia Isike, mtemi wa Unyanyembe, ambaye hakukubali kuwa mtemi wa jina. Na Januari 1893 ofisa wao Tom von Prince aliivamia ngome yake, Isike akajilipua kwa baruti yake mwenyewe, akatolewa akiwa na pumzi kidogo, na Wadachi, wasitosheke na kazi aliyokwisha kuifanya, wakamnyonga. Nyaso, mwanamke wa ukoo ule, aliwekwa kitini. Tangu hapo faini iliamriwa bomani, katika kikao ambacho Wadachi wenyewe walikiita shauri, wakalichukua neno letu na kuliandika kwa herufi zao, na mtu aliyetozwa hakuulizwa ana nini ambacho mkono unakifikia, kwa kuwa jibu lilikuwa mbele yao limesimama kwa miguu miwili.

Mwili ndio uliokuwa rehani ya Wadachi. Agizo la Chansela wa Ujerumani la mwaka 1896 lilihesabu adhabu za wenyeji: viboko, faini, kifungo cha kazi, mnyororo, na kifo, na viboko vile, ambavyo havikupasa kuzidi ishirini na vitano kwa mara moja, viliacha katika Kiswahili neno khamsa ishirini, ambalo bibi zetu walilitamka kwa kupunguza sauti. Asiye na rupia alikwenda kufanya kazi barabarani. Kodi ya nyumba iliyowekwa mwaka 1897, rupia tatu kwa nyumba, ilifuata mkondo huo huo. Kuna neno moja linalonishangaza kila ninapolifikiri. Mnyapara, katika msafara, alikuwa mkuu wa wapagazi, mtu wa heshima aliyejua kisima kipi kina maji mwezi upi na mtemi yupi anapenda kaniki kuliko merikani. Na leo, ukiingia katika gereza lolote la Tanzania, nyapara ni mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake. Neno lilitoka njiani likaingia jela pasipo kubadili kazi yake sana, kwa kuwa waliokuwa wakibeba mizigo kwa ujira ndio waliokuja kuibeba kwa hukumu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na njia ya kale ikaota majani. Vita vikaja, Wadachi waliokatiwa bahari waligonga fedha zao wenyewe mjini Tabora mwaka 1916, hata wakatoa rupia kumi na tano za dhahabu zenye picha ya tembo, fedha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka katika nchi hii, na Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia, kisha Waingereza wakarithi.

Waingereza walikuja na yule mwandishi aliyekosekana. Hapo ndipo nionapo mapinduzi makubwa kuliko ya bunduki, ingawa hayakupigiwa ngoma. Gavana Donald Cameron alipozipanga serikali za wenyeji mwaka 1926, faini ya baraza la mtemi, iliyokuwa tangu kale ni kitoweo cha mtemi na wazee wake, mbuzi aliyechinjwa pale pale na wenye kesi wote wawili wakala pamoja, iliamriwa iingie katika hazina ya wenyeji. Mtemi akawekewa mshahara. Karani akakaa pembeni na kitabu cha stakabadhi. Wazee walitazama shilingi zikitoweka sandukuni, na wengine, nadhani, waliona kwamba shauri limemalizwa lakini ugomvi haujamalizwa, maana hapana aliyekula. Vijijini ushirika huo wa kula haukufa. Majirani wa Unyamwezi waliendelea kumtoza mkosaji kuku au mbuzi wa kuliwa na wote, na asiyetaka kutoa alitengwa: asipewe moto, asisaidiwe kulima, asizikiwe. Rehani yao ilikuwa ujirani wenyewe.

Katika mahakama za serikali sheria ya mwenendo wa jinai, ambayo mwanzoni ilikuwa ile ile ya Bara Hindi iliyoletwa huku kwa meli, ilimpa hakimu hati ya kukamata mali. Mtu aliyeshindwa kulipa faini aliweza kukamatiwa vitu vyake na vikauzwa mnadani, na yeyote mwenye haki katika vitu hivyo aliruhusiwa kusimama na kusema. Karatasi hiyo ilipotoka mjini na kufika zizini ilikutana na elimu ya zamani kuliko yake. Kwanza, ardhi haikushikika: sheria ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, na shamba la Mnyamwezi aliyelima kwa mila halikuwa na hati ya kuwekwa rehani kwa mtu. Ikabaki mifugo. Na mwenye ng'ombe wengi katika nchi ile hakuwaweka pamoja hata siku moja, ila aliwagawa kwa marafiki na wakwe, watano hapa na wanane kule, kwa kuogopa ndorobo na maradhi, na kwa kuogopa macho. Tarishi wa mahakama alipoingia zizini akahesabu ng'ombe kumi na wawili, mwenye nyumba alimwonyesha kwa utulivu kwamba huyu mwekundu ni wa shemeji yake wa Nzega, yule mwenye baka ni wa mahari ya binti ambayo haijatulia, na hawa wawili mama watoto alipewa na baba yake, hawana uhusiano wowote na mumewe mkorofi. Huenda alisema kweli. Tarishi aliyetoka na mbuzi mmoja alikuwa amefanya kazi njema.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio na sitakaa juu yake. Mmoja wa mawaziri wa mwanzo walioshika wizara ya sheria alikuwa Abdallah Fundikira, mwana wa ukoo wa mtemi yule yule wa Unyanyembe, na mwaka 1963 mamlaka ya watemi nchi nzima yalifutwa kwa sheria. Mahakama za mwanzo zikachukua nafasi ya mabaraza. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, ambapo bidhaa zilikamatwa kwanza na maswali yakaulizwa baadaye, na mwaka 1991 ikatungwa Sheria ya Mapato ya Uhalifu, iliyoiwezesha mahakama kumtoza mhalifu kiasi kilicho sawa na faida aliyoipata kwa uovu wake, kuizuia mali yake isihamishwe, na kuifanya mali hiyo iliyozuiwa iwe dhamana ya malipo. Mwenye nyumba hukaa ndani ya nyumba yake, hulala kitandani mwake, hupaka chokaa kuta zake. Lakini nyumba si yake mpaka alipe. Jaffer Tharia angeielewa sheria hiyo mara moja.

Wakulima na wafugaji wa kaskazini ya Tabora hawakuingoja. Mwaka 1982, wizi wa ng'ombe na mauaji ya njiani yalipokuwa yamezidi, na kesi zilipokuwa zikiingia mahakamani zikapotea kama maji katika mchanga, watu wa pande za Kahama, Nzega na Igunga walianzisha Sungusungu, vijana wenye pinde na filimbi, chini ya wazee wao. Walitoza ng'ombe, wakamtenga asiyelipa. Waliwatesa pia watu, na wanawake wazee waliosingiziwa uchawi waliumia mikononi mwao, jambo ambalo wanaowasifu hupenda kuliruka. Serikali, iliyokuwa ikisitasita baina ya kuwakamata na kuwashukuru, iliwapa mahali katika sheria za mgambo mwaka 1989. Ukisimama pembeni ya mkutano wao ungeona kila kitu tulichokieleza kimerudi: faini hutajwa, na kabla ya kutajwa wamekwisha jua zizi lipi, ng'ombe yupi, na nani ataacha kumsalimu mwenye nalo akikataa.

Nami nimepata kuona, katika ua wa mahakama ya mwanzo moja ya mkoa ule ambayo sina haja ya kuitaja, baiskeli ya Phoenix iliyoegemezwa katika shina la mwembe, imefungwa kikaratasi kwa uzi kwenye usukani. Ilikuwa imekamatwa kwa faini ya mtu fulani aliyepigana katika pombe, na mnada ulikuwa umeahirishwa, kisha ukaahirishwa tena, kwa sababu dalali hakuja. Karibu na saa nne asubuhi alifika mwanamume mwenye kanzu iliyofifia, akawaamkia makarani kwa adabu, akatoa pampu ndogo katika mfuko wa plastiki, akachuchumaa. Alijaza upepo gurudumu la mbele, akalibonyeza kwa kidole gumba, akajaza la nyuma. Nikamwuliza karani ni fundi wa mahakama? Akaniambia, hapana, mzee, huyo ndiye mwenyewe; huja kila wiki, anasema mpira ukikaa bila upepo hupasuka.